Mama Hodi na Ukuta Bubu

Enyi waumini wa kijiji hiki na vijiji jirani, tegeni masikio na mfunge midomo, maana hapa yanasimuliwa maisha ya mtumishi wa Mungu ambaye mbele yake simba walijikunyata, mito ilisimama, na pepo wachafu walitimua mbio wakiacha viatu. Ndivyo habari hii ilivyoanza katika nakala ya kwanza. Baadaye ilibidi mistari hiyo ichunguzwe upya. Simba hawajawahi kufika huku, mto wa hapa husimama wenyewe kila kiangazi kwa kukosa maji, na kama kuna aliyewahi kutimua mbio akaacha viatu, basi ni mtumishi wa Mungu mwenyewe, tena baada ya kumwona chura.

Alizaliwa mwaka 1928, siku ya mvua kubwa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa hatua mia moja kutoka tanuri la matofali la baba yake. Mkunga alisimulia kwamba mtoto huyo hakulia alipotoka tumboni; alilia radi ilipopiga, na hakunyamaza mpaka mvua ilipokatika. Tangu hapo aliiogopa radi kuliko kitu chochote duniani. Aliogopa pia ngazi, chura, jogoo wa jirani, maji yanayofika magotini, na mtu yeyote anayecheka akiwa peke yake. Baba yake alizoea kusema, "Mungu alipogawa ujasiri, binti yangu huyu alikuwa chini ya kitanda." Mdogo wake wa kike, aliyemfuata kwa miaka kumi, ndiye aliyetumwa kuangalia kila kilichochakura nje, ingawa mdogo huyo bado alikuwa akikojoa kitandani. Wachumba walikuja wawili tu. Wa kwanza alileta jogoo kama zawadi, na habari yake ikaishia hapo. Wa pili aliisikia habari ya wa kwanza.

Lakini penye tanuri hofu yake ilikuwa mali, kwa sababu mtu mwoga husikiliza. Wachoma matofali wana njia yao ya kulijua tofali lililoiva. Hawalitazami, maana rangi hudanganya. Hulishika kwa mkono mmoja na kuligonga kwa kifundo cha kidole. Lililoiva hulia ngi, kama kengele ndogo. Lisiloiva hutoa mlio wa du, kisha kimya, nalo huitwa tofali bubu. Ukilijenga ukutani litakaa miaka hata miaka likiwa kavu, lakini likinywa maji hurudi kuwa udongo kama lilivyokuwa, na kila kilicho juu yake hushuka. Binti huyu alipofikisha miaka kumi na minane aliweza kulitambua bubu kwa kulisikia likianguka tu. Baba yake alipofariki mwaka 1955, tanuri lilibaki mikononi mwake na mwa mdogo wake.

Wito wake ulimjia mwezi wa nane mwaka 1960, naye hakuuomba. Alikuwa ameingia ndani ya tumbo la tanuri kupanga safu ya mwisho ya matofali mabichi, safu ikateleza, akafukiwa mpaka kiunoni. Mdogo wake alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Mbingu, kama kwa kukusudia, ikaanza kunguruma. Basi yule mwanamke akapaza sauti akasema, "Mungu wangu, nikitoka humu na miguu yangu miwili, nakujengea nyumba ya matofali, uhame lile banda la nyasi!" Wakati huo waumini walisali katika banda la nyasi ambalo mbuzi walikuwa wakilila kidogo kidogo wakati wa mahubiri. Alitolewa jioni, miguu yote miwili ikiwapo. Watakatifu wengine huweka nadhiri kwa upendo. Huyu aliweka kwa woga mtupu, na haijulikani kama huko juu wanazitenga.

Alifyatua matofali elfu kumi na mbili kwa mikono yake na ya mdogo wake, bila kumwomba mtu msaada. Tanuri lilikuwa na midomo sita, na kila mdomo ulipaswa kulishwa kuni siku nne mfululizo bila moto kuzimika. Mdomo wa sita, ulioelekea upepo, ndio uliokuwa msumbufu, kwa hiyo aliuchukua yeye mwenyewe. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, radi ilipiga mti ng'ambo ya barabara. Hakukumbuka alivyokimbia. Alijikuta chini ya kitanda chake, vidole masikioni, akizihesabu pumzi. Alipotoka, saa mbili zilikuwa zimepita, na mdomo wa upepo ulikuwa na majivu yaliyolowa. Akawasha upya, na mdogo wake alipozunguka kutoka upande wa pili akiwa na kuni begani, moto ulikuwa unawaka vizuri.

"Dada, mdomo wa upepo umeuangalia?"

"Nimeuangalia."

"Haujazimika hata kidogo?"

"Nimekwambia nimeuangalia. Unataka niape?"

Hayo ndiyo maneno aliyoyabeba miaka thelathini na minane. Tanuri lilipofunguliwa, matofali yote yalikuwa mekundu, mazuri ya kupiga picha. Aliyagonga ya upande wa upepo. Du. Du. Du. Yalikuwa kama mia nane. Mdogo wake alikuwa amekwishaondoka, maana wiki hiyo aliolewa na fundi cherehani wa mbali, kwa hiyo hapakuwa na sikio jingine kijijini la kusikia alichokisikia. Aliyatenga pembeni akiwa na nia ya kuyavunja. Kabla hajainua nyundo, fundi mwashi alifika na mkokoteni. Fundi huyo aliitwa Mbiombio, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha.

"Haya mbona umeyaficha huku?" fundi akauliza.

"Hayo... hayo yamechoka."

"Yamechoka! Mama, mimi nimetoka alfajiri sijachoka, lichoke tofali lililolala? Pakieni, jamani! Askofu anakuja Jumapili ya nne, tumpe nini, tofali lililochoka?"

Vibarua walicheka. Alifungua kinywa kusema, akawaona wote wanamtazama, naye aliogopa kutazamwa karibu kama alivyoogopa radi. Kinywa kikafungwa. Jioni alikwenda mpaka kwenye ujenzi na kuuliza, kana kwamba ni udadisi tu, matofali ya mkokoteni wa mwisho yamekwenda wapi. Mbiombio alimwonyesha kwa mwiko wake. Ukuta wa kushoto, kuanzia usawa wa kiuno mpaka chini ya pau. Ulikuwa umekwishaanza kupigwa lipu.

Kanisa lilibarikiwa mwaka 1961, na mfadhili wake akapewa heshima ya kukaa benchi la mbele, katikati, karibu na askofu. Alilikataa. Mbele ya watu wote alivuka, akaenda kukaa peke yake upande wa kushoto, bega likigusa ukuta, na kabla ya kukaa akaugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Waumini walitazamana. Mmoja akanong'ona, "Anapiga hodi mbinguni." Kufikia Jumapili iliyofuata kila mtu alikuwa akimwita Mama Hodi, na kufikia Pasaka watoto walikuwa wamefundishwa kugonga ukuta kabla ya kukaa. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akisikiliza kama ukuta umeanza kulegea, wala kwamba alikuwa amekaa pale ili siku utakapoanguka uanze na yeye.

Hivyo ndivyo alivyosali, Jumapili baada ya Jumapili. Wengine walifumba macho, yeye aliyakodoa. Wengine walisikiliza mahubiri. Yeye alisikiliza lipu. Punje ya chokaa ikimwangukia begani, moyo wake ulisimama, na waliokuwa nyuma walisema, "Mtazameni, ameguswa na Neno." Watoto walipougonga ukuta kwa ngumi, jasho lilimtoka, wakasema, "Anatoa machozi mpaka mgongoni." Alipanga vyungu vya maua kutoka mlangoni mpaka altareni ili mtu asiegemee, wakamsifu kwa kupamba nyumba ya Bwana. Alijenga kwa gharama yake banda la stoo nje ya ukuta ule, lenye paa la bati, ili mvua isiupate, wakamsifu kwa kuyafikiria mafagio. Kila mwaka kabla ya masika, yeye aliyeogopa ngazi kuliko kaburi alipanda ngazi akiwa amefumba macho, akipapasa bati kwa vidole kutafuta tundu, huku akiomba kwa sauti. Wapita njia walivua kofia. Na mvua ilipoanza kunyesha, hakujificha tena chini ya kitanda. Alikimbia kanisani huku radi zikipiga, akaketi benchini pake peke yake, mkono juu ya ukuta, kama mama anayempima mtoto homa.

Mtu atauliza kwa nini hakusema. Alijaribu. Mwaka 1966 alikwenda kuungama kwa padre aliyekuwa mgeni wa hapa, mtu wa vitabu asiyejua tanuri wala udongo. Habari hii ilijulikana kwa sababu alikuja kumsimulia mdogo wake, akiiita "ile siku niliyotoka mikono mitupu." Alisema kupitia kile kidirisha, "Padre, nina matofali bubu ukutani." Padre akashusha pumzi. "Mama," alisema, "ni nani kati yetu asiye na matofali bubu moyoni mwake?" Akampa sala tano, akamwondolea dhambi. Jumapili ile padre alihubiri juu ya matofali bubu ya moyo, watu wakalia, na Mama Hodi akatetemeka mpaka benchi likalia nalo. Mdogo wake aliposikia kisa hicho alidhani dada yake anatania juu ya mapadre, akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuuliza ni ukuta gani. Mpaka leo kicheko kile hakijamsamehe.

Mara moja tu woga wake wa ukuta uliushinda woga wake wa kutazamwa. Ilikuwa jubilei ya miaka ishirini na mitano, na mwalimu wa kwaya, mtu wa mashavu makubwa na maneno makubwa zaidi, alitaka waimbaji arobaini na ngoma nne zipangwe upande wa kushoto. Mama Hodi alisimama katikati ya kikao.

"Kwaya isikae hapa."

"Mama Hodi, shikamoo. Hapa pamekuwa shamba la urithi?"

"Marahaba. Hapa sitoki, na ngoma haziingii."

"Na tukikuhamisha kwa heshima, na benchi lako, na maua yako?"

"Nihamisheni mkishaniua, mwanangu. Kabla ya hapo, piga ngoma zako kulia."

Watu walipigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza sentensi mbili mbele za watu. Kwaya ilikaa kulia. Ikaandikwa katika daftari la parokia kwamba mfadhili aliilinda nafasi yake ya sala kwa ushujaa wa shahidi. Usiku wa siku hiyo, alimwambia mdogo wake baadaye, alitapika.

Aliugua mwezi wa pili mwaka 1999, na kilichomtesa hakikuwa homa bali mawingu, maana masika yalikuwa yanakaribia na hakuweza kupanda ngazi. Katekista alikaa kando ya kitanda chake akiwa na kalamu, kama alivyoagizwa, ili asipoteze neno lolote la mwisho. Radi ya kwanza ya msimu ilisikika mbali. Mgonjwa akafumbua macho, akamshika katekista mkono kwa nguvu ambazo hakuwa nazo tangu wiki iliyotangulia, akasema, "Ukuta ni bubu." Akavuta pumzi. "Ukuta ule ni bubu. Wato..." Na hapo roho ikatengana na mwili.

Katekista aliandika yote. Kwa kuwa mchoma matofali wa mwisho wa kijiji ndiye aliyekuwa amelala pale, hakukuwa na wa kumweleza. Wazee wa kanisa walikaa vikao vitatu kulijadili neno "wato," na katika kikao cha tatu walikubaliana kwamba marehemu, ambaye daima alikereka watoto walipogonga ukuta kwa fujo, alikuwa akiwausia adabu. Mwezi uliofuata yakachorwa maandishi ya rangi ya bluu, herufi kubwa kama viatu, juu ya benchi lake: UKUTA NI BUBU. WATOTO WANYAMAZE. Mdogo wake alikuwa amefika siku mbili baada ya maziko, akakaa msibani, akarudi kwake bila kuingia kanisani. Maua yakakauka, vyungu vikaondolewa. Benchi la Mama Hodi likagombaniwa na wajawazito kwa ajili ya baraka. Na juu ya paa la stoo, msumari mmoja ukalegea, bati moja likainuka, na kwa miaka ishirini maji ya kila masika yakashuka taratibu nyuma ya ukuta, yakanyweka.

Sasa yafuata mastaajabu. Mwezi wa tatu mwaka 2019, Jumapili asubuhi baada ya mvua ya siku tano, waumini walijaa kanisani kuadhimisha miaka ishirini ya kifo chake. Mdogo wake, mwenye miaka themanini na mmoja na fimbo moja, aliketishwa mbele pamoja na wageni wa heshima. Aliyasoma maandishi ya bluu, akakunja uso, akayasoma tena. Waumini walijipanga kando ya ukuta wa kushoto ili wagonge mara tatu, kama desturi, wa kwanza akiwa katekista mwenyewe, sasa mzee wa mvi. Akagonga: ko, ko, ko. Na ukuta, kwa uweza wa mbinguni, ukajibu.

Ukajibu mara tatu, kutoka ndani: du, du, du.

Katekista alibaki amenyoosha kidole. Mama mmoja akajishika kichwa. Ndipo yule mdogo wa marehemu aliposimama bila fimbo, maana sikio lake lilikuwa bado la tanurini, na mlio ule hakuwa ameusikia tangu ujana. Akapiga kelele, "Bubu! Ni bubu!" Na kwa sababu kanisa zima lilikuwa limelelewa na maandishi yale, watu mia mbili wakanyamaza kimya, wakapiga magoti palepale, chini ya ukuta, na akina mama wakawaziba watoto midomo. Katika kimya kile ilisikika lipu ikipasuka, taratibu, kama mtu anayechana kitambaa. Mstari mweusi ulitokea kwenye herufi U na kushuka mpaka kwenye benchi. Na mwanamke yule akakamilisha sentensi ambayo dada yake aliiacha nusu miaka ishirini iliyopita:

"Watoeni! Watoeni watu!"

Hakuna aliyeinuka. Ndipo ukuta ukagonga tena, kwa kishindo, bila kuhesabu, na hofu ikawaingia wote kwa pamoja. Walitoka kwa milango, walitoka kwa madirisha, mwalimu wa kwaya akatoka na kinanda shingoni, na viatu thelathini na kimoja vikabaki sakafuni. Wa mwisho kutoka alikuwa yule bibi mwenye fimbo, na alipofika kizingitini ukuta wa kushoto uliketi chini, wote, kuelekea ndani, juu ya mabenchi matupu. Hakufa mtu.

Hapa habari ilikwisha, na mwandishi, mwanafunzi wa bweni aliyekuja hapa likizoni pamoja na bibi yake (bibi huyo ndiye mdogo wa marehemu), na aliyepewa kazi hii kwa sababu ya kusifiwa insha zake, alikuwa tayari kuipeleka kwa katekista. Kwanza alimsomea bibi yake, ambaye ndiye aliyemsaidia kukisia yale marehemu aliyoyaficha. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri, mke mwenzangu. Kwa hiyo ukuta ulijibu wenyewe?"

"Kwa uweza wa mbinguni, Bibi."

"Na ufagio je, ulikuwa unatafuta nini?"

"Ufagio gani, Bibi?"

"Ule uliokuwa mkononi mwa malaika aliyesimama stoo baada ya ukuta kuanguka, mweupe kwa vumbi kama andazi kwenye unga, mdomo wazi. Mimi nilikuwa mlangoni. Miguu ndiyo mibovu, macho ni mazima."

Mwandishi alilifunga daftari.

"Dada yangu," akasema bibi, "aliogopa kusema siku moja tu. Siku hiyo ikawa miaka thelathini na minane. Wewe una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Haya. Jumlisha."

Basi, waumini, aliyejibu ni mimi. Nilijificha stoo tangu kabla ya misa nikiwa na mpini wa ufagio, nikitaka kumwona katekista akikimbia, na mara ya pili niligonga kwa hasira, kwa sababu hakuna aliyekimbia. Sikujua ukuta ni mbovu. Sikuwaokoa, nilikuwa nafanya utani. Mnaotaka kumwiga Mama Hodi, msimwige kimya chake. Igeni mahali alipochagua kukaa. Katekista amenisikia, hakucheka, na padre amenipa adhabu, naye bibi akaiongeza: matofali yote ya ukuta mpya nimeyagonga mimi, moja moja, yeye akiwa kwenye kiti chake ananisikilizia. Yalikuwa elfu tatu na mia mbili, na vifundo vya vidole vyangu mtaviona Jumapili. Yaliyokuwa bubu yalikuwa saba, nami nimeyataja mbele ya fundi na vibarua wake. Mkinihesabu na mimi, nilivyokuwa kabla ya kusema, manane.